Georgia ya Marekani: mabonde 14 ya mito, na Peachtree Creek isiyokubali kukaa sawa kwenye ramani

MchoraRamani:

Wakuu, salaam. Naandaa ramani ya mabonde ya mito ya jimbo la Georgia (bonde ni eneo lote linalomwaga maji yake kwenye mto mmoja) kwenye programu ya ramani ya QGIS, itachapwa karatasi ya A1. Nimekwama sehemu tatu.

Ya kwanza ni idadi. Jimbo linahesabu mabonde 14. Nikipakua mipaka ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, yenye namba za tarakimu nne, napata machache mno, na zile za tarakimu nane ni rundo. Hiyo 14 inatoka wapi?

Ya pili, nimejaribu kuchora bonde dogo moja mwenyewe ili nielewe kazi inavyokwenda. Nimechagua Peachtree Creek ya Atlanta, kwa data ya mwinuko ya mita 1 iliyopimwa kwa leza. Nikajaza mashimo, yaani sehemu za data zisizo na njia ya kutokea maji, nikaendesha zana, nikapata hekta chache. Nikasogeza kidogo nukta ya kutokea maji, nikapata kilomita za mraba 160 hivi. Kituo cha kupimia maji namba 02336300 kinasema maili za mraba 86.8. Nimekosea wapi?

Ya tatu, nataka maziwa ya asili yawe na rangi yake na mabwawa yake. Leya (tabaka la data) yangu inaonyesha karibu kila ziwa kubwa ni bwawa. Ni kweli hiyo, au leya ni mbovu?

---

Kingo_za_Mto:

Mkuu, nianze na idadi, kwa sababu ukikosea hapo rangi zote za ramani zitakuwa za uongo.

Kumi na nne ni hesabu ya kiutawala ya jimbo. Saba yanamwaga Atlantiki: Savannah, Ogeechee, Oconee, Ocmulgee, Altamaha, Satilla na St. Marys. Saba yanaishia Ghuba ya Meksiko: Chattahoochee, Flint, Ochlockonee, Suwannee, Coosa, Tallapoosa na Tennessee. Hilo la mwisho huwachanganya watu, kwa sababu maji yake yanatoka Georgia yakielekea kaskazini, yanaingia mto Tennessee, kisha Ohio, kisha Mississippi, ndipo yanashuka hadi Ghuba. Ukichora mshale wa mwelekeo wa maji kwenye pembe ile ya milimani, uelekeze juu.

USGS wao wanapanga kwa mtiririko wa asili, bila kujali mpaka wa jimbo. Ndiyo maana 0306 inabeba Savannah na Ogeechee pamoja, 0313 inabeba Chattahoochee na Flint kwa kuwa zote mbili huungana kuwa Apalachicola, na 0315 inabeba Coosa na Tallapoosa. Oconee, Ocmulgee na Altamaha ni mto mmoja wenye mikono miwili, lakini jimbo limezihesabu tatu. Kwa hiyo pakua ngazi ya tarakimu nane, kisha uziunganishe hivi:

Savannah ni zote zinazoanza na 030601, Ogeechee 030602. Oconee ni 03070101 na 03070102. Ocmulgee ni 03070103 hadi 03070105. Altamaha ni 03070106 pamoja na 03070107, ambayo ni Ohoopee. Satilla ni 03070201 na 03070202, St. Marys 03070204. Suwannee ni 031102, Ochlockonee 0312. Chattahoochee ni 03130001 hadi 03130004, Flint 03130005 hadi 03130010. Coosa ni 03150101 hadi 03150107, Tallapoosa 03150108 hadi 03150110. Zinazoanza na 06 zote ni Tennessee.

Kati ya zinazobaki kuna 03070203, kipande cha pwani chenye visiwa vya St. Simons na Cumberland. Hakina mto mmoja mkubwa, kinamwaga baharini kupitia vijito vya maji chumvi. Kipe rangi ya Satilla na uandike maelezo mafupi pembeni.

Angalizo la kwanza: safu ya namba lazima ibaki maandishi. Ukiipitisha kwenye Excel, sifuri ya mbele inaliwa, 03130001 inakuwa 3130001, na sharti lako la kuunganisha halikamati kitu. Angalizo la pili: mpaka wa jimbo ukatie mwishoni kabisa, baada ya kuunganisha na kupima. Mto Conasauga unaanzia Georgia, unaingia Tennessee, halafu unarudi Georgia. Ukikata mapema unapata vipande viwili vya mto visivyojuana.

Halafu jihadhari na majina. Kuna Chattooga mbili. Moja iko kaskazini mashariki, mpakani na South Carolina, na maji yake huenda Savannah. Nyingine iko kaskazini magharibi, inaingia Alabama na ni ya bonde la Coosa. Anayeunganisha leya kwa jina la mto badala ya namba ataipeleka moja baharini kusikokuwa kwake.

---

Bi_Kontua:

Niingie kwenye Peachtree Creek. Una makosa mawili yaliyopandana.

Hekta chache maana yake nukta ya kutokea maji imeangukia ukingoni, nje ya mkondo. Zana inakupa kile kijimteremko tu kinachoishia kwenye ile pikseli. Hiyo ni rahisi kutibu. Kilomita za mraba 160 ni ugonjwa mwingine: umepoteza zaidi ya robo ya bonde, na anayeshukiwa kwanza ni data ya mita 1. Leza inaona juu ya barabara, haioni kalvati iliyo chini yake. Matuta ya barabara kuu za I-85 na I-285 na ya reli yanageuka kuwa mabwawa ya kufikirika. Ukijaza mashimo, programu inainua maji nyuma ya tuta hadi yapate sehemu ya chini ya kumwagikia, na sehemu hiyo inaweza kuwa upande wa bonde la jirani. Mkono mzima wa kijito unahama.

Kwa bonde la ukubwa huu mita 1 ni mzigo bure. Chukua ya mita 10 ya USGS. Vipande vyake huitwa kwa pembe ya kaskazini magharibi, na bonde lote la Peachtree linaingia kwenye kimoja tu, n34w085. Kisha fanya hivi.

Badilisha mfumo wa kuratibu wa data kutoka digrii kwenda mita kabla ya lolote. Georgia imepasuliwa na longitudo ya 84 magharibi: upande wa Atlanta ni kanda ya 16 ya UTM, mfumo wa kuratibu kwa mita, mashariki ya hapo ni kanda ya 17. Kwa Peachtree tumia mfumo wenye namba EPSG:26916, pikseli iwe mita 10 kamili, na njia ya kusampuli iwe ya mstari, usitumie ya jirani wa karibu kwani itakuachia ngazi-ngazi. Kwa ramani nzima ya jimbo tumia EPSG:5070, inayotunza eneo, la sivyo hesabu za kanda mbili hazitalingana.

Endesha r.watershed, zana ya programu ya GRASS, moja kwa moja juu ya rasta (gridi ya pikseli za mwinuko) ghafi. Usijaze mashimo kwanza. Zana hii hutafuta njia yenye gharama ndogo ya kutoka shimoni, na kujaza mapema kunaifutia alama za mkondo na kuiachia sakafu tambarare. Kizingiti weka pikseli 10,000. Kwa mita 10 kila pikseli ni mita za mraba 100, kwa hiyo kizingiti hicho ni kilomita moja ya mraba. Omba matokeo mawili: mlimbikizo wa maji na mwelekeo wa maji.

Fungua mlimbikizo. Ukiona thamani hasi kwenye mkondo wako, hiyo ni zana inakuambia kuwa huenda maji mengine yanaingia kutoka nje ya rasta uliyoipa, yaani umekata data karibu mno. Kuna alama inayolazimisha namba zote ziwe chanya. Usiiwashe, inaficha kosa hilohilo unalolitafuta.

Kituo kiko daraja la Northside Drive, kilomita kadhaa kabla kijito hakijaingia Chattahoochee. Ukiweka nukta mdomoni kabisa mwa kijito, utapata eneo kubwa kuliko la kituo na utadhani umekosea tena. Kuza ramani hadi uone pikseli moja moja, ndani ya pikseli mbili tatu za daraja tafuta yenye mlimbikizo mkubwa zaidi, nakili kuratibu za katikati yake, uzipe zana ya r.water.outlet pamoja na rasta ya mwelekeo. Geuza jibu kuwa poligoni (umbo lililofungwa). Pikseli zinazogusana kwa kona zitakupa vipoligoni vidogo pembeni, viyeyushe vyote viwe kimoja, halafu pima eneo.

Maili za mraba 86.8 ni kilomita za mraba 224.8. Ukipata kati ya 220 na 230 endelea na kazi. Ukiwa nje ya hapo, angalia ukingo wa kusini kwanza. Unatakiwa kufuata karibu sawia reli inayotoka katikati ya Atlanta kwenda Decatur. Reli haikupita pale kwa bahati: wajenzi walifuata mgongo wa ardhi ili wasijenge madaraja, na mgongo huo ndio unaogawa maji ya Atlantiki na ya Ghuba. Kaskazini ya reli maji yanaenda Peachtree Creek, Chattahoochee, Ghuba. Kusini yake yanaingia South River, Ocmulgee, Altamaha, na kutokea Darien kwenye Atlantiki. Poligoni yako ikivuka reli kwa kilomita nzima, kuna tuta limekudanganya.

Jambo moja la mjini: hii ni ramani ya mteremko wa ardhi. Clear Creek, tawi la Peachtree, imefukiwa kwenye mabomba sehemu kubwa ya sehemu yake ya juu, na maji taka husukumwa kwa pampu yakavuka mgongo. Usiitumie kumweleza mtu maji ya choo chake yanakwenda wapi.

---

MchoraRamani:

Shukrani sana dada. Nimerudia kwa mita 10 bila kujaza, 223.9. Ukingo wa kusini umelalia reli. Kumbe nilikuwa nimejaza kwa kufuata somo la mtandaoni lililoandikwa kwa zana nyingine.

Sasa nikifanya jimbo zima kwa mita 10, kompyuta inaganda. Na huku chini, kuzunguka Albany na Okefenokee, mito inachoreka kama mistari iliyonyooka sambamba, haifanani na kitu.

---

Bi_Kontua:

Jimbo ni kama kilomita za mraba 153,900. Kwa mita 10 hizo ni pikseli bilioni moja na nusu, na bado hujaongeza ukingo wa majimbo jirani. Shusha hadi mita 30, zitabaki milioni 171. Kumbukumbu ambayo r.watershed hujiwekea yenyewe ni MB 300, iongeze, au washa kutumia diski na uiache ifanye kazi usiku. Kwa A1 hakuna jicho litakaloona tofauti. Mistari ya kusini namwachia mwenzangu.

---

Mvuvi_wa_Takwimu:

Mistari sambamba ni dalili ya utambarare: programu haina mteremko wa kufuata, inachora njia fupi tu. Kusini mwa Georgia una matatizo mawili tofauti yenye sura moja.

Okefenokee ni kinamasi cha takriban hekta 177,000, uso wake uko karibu futi 120 juu ya bahari na karibu haujainama. Mashariki umezuiwa na Trail Ridge, tuta refu la mchanga la ufukwe wa kale. Kwa hiyo maji mengi, zaidi ya robo tatu, yanatokea kusini magharibi kupitia Suwannee hadi Ghuba, na yaliyobaki yanatoka kwa St. Marys, ambao unashuka kusini, unageuka mashariki, unapanda kaskazini, kisha unageuka tena mashariki ndipo uone Atlantiki. Kinamasi kimoja, bahari mbili. Mstari wa kugawa maji ndani yake haukai palepale kama wa mlimani, unategemea kina cha maji na mboji iliyoelea. Rasta ya mwinuko hapo inapima uso wa majani na maji, haipimi sakafu. Usiipe kazi hiyo. Chukua mpaka wa USGS kati ya 03110201 na 03070204, na kwenye ramani uuchore kwa nukta badala ya mstari mzito. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni moja ilianza mwaka 1891 kuchimba mfereji kupitia Trail Ridge ili ikaushe kinamasi kuelekea St. Marys. Kazi haikufika mwisho, ila mfereji upo, na data nyingine huuchora kama mto wa asili.

Albany ni hadithi ya mwamba. Kuanzia hapo kwenda kusini magharibi ni uwanda wa chokaa, mashimo ya kudidimia kila upande, mengi hayana mlango wa kutokea juu ya ardhi. Hayo ni ya kweli, si kasoro ya data. Ukiyajaza unabuni vijito ambavyo havipo. Maji huzama, huingia kwenye Floridan, mwamba wa chini unaobeba maji, hutokea kwenye chemchemi na kwenye sakafu ya Flint yenyewe. Ndiyo maana pampu za kumwagilia mashamba zinazovuta kutoka mwamba huo hupunguza mto wakati wa kiangazi bila mtu kuugusa mto. Weka leya ya mashimo hayo juu ya mabonde na usichore vijito vidogo eneo lile, Flint na matawi yake makubwa kama Ichawaynochaway na Spring Creek yanatosha.

Karibu na Valdosta mto Withlacoochee nao hupoteza maji kwenye matundu ya chokaa. Mstari wa buluu usiokatika hapo ni ukarimu wa mchoraji.

---

Kingo_za_Mto:

Maziwa hakuna aliyeyajibu. Leya yako ni nzima. Georgia haina ziwa kubwa la asili hata moja. Barafu ya zama za kale haikufika huko kuchimba mabonde, na mito ya milimani imekuwa ikichonga kwa muda mrefu kiasi kwamba kila shimo limeshapata mlango. Vya asili vilivyopo ni vidogo: vidimbwi vya chokaa, vipande vya mikondo ya mito iliyohama, na vidimbwi vya mviringo vya uwanda wa pwani kama Banks Lake. Rangi yako ya "asili" itaonekana kusini tu, kwa vidoa.

Mabwawa makubwa yasome kama ngazi. Kwenye Savannah uso ukijaa, kwa futi juu ya bahari: Hartwell 660, Russell 475, Thurmond 330. Chattahoochee: Lanier 1,071, West Point 635, Walter F. George 190, kisha Seminole 77 ambako Flint inajiunga na mto unabadili jina kuwa Apalachicola. Andika tarehe ya picha uliyotumia kuchora ukingo wa ziwa. Allatoona hushushwa kila vuli ili kuacha nafasi ya mafuriko, na poligoni ya Januari ni ndogo kuliko ya Juni.

Kitu ambacho ningekiweka kwenye ramani kama kisanduku kidogo pembeni ni uwiano wa bonde na ziwa, maana unaeleza ugomvi wote wa maji wa Atlanta. Lanier inakusanya kutoka maili za mraba 1,040 tu, na ziwa lenyewe ni ekari 38,000. Allatoona inakusanya kutoka kama 1,100, lakini ni ekari 12,000. Milimita 25 za mtiririko kutoka bonde zima zinainua Lanier karibu sentimita 44, Allatoona karibu mita moja na nusu. Maana yake Allatoona ikishuka inarudi haraka, Lanier ikishuka inangoja misimu. Desemba 2007 Lanier ilifika karibu futi 1,051, ishirini chini ya kujaa.

Na ziwa hilo lenye bonde dogo, juu kabisa ya mto, ndilo akiba kuu ya mto wote. Shabaha ya mtiririko ya Mei hadi Oktoba pale Peachtree Creek inapoingia Chattahoochee ni futi za ujazo 750 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 21. Chini kabisa, kwenye bwawa la Jim Woodruff linalozuia ziwa Seminole, ni 5,000, mita za ujazo 142. Florida ilifungua kesi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2013 kwa ajili ya chaza wa Apalachicola, na tarehe 1 Aprili 2021 mahakama iliikataa kwa kauli moja kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba matumizi ya Georgia ndiyo yaliyowaua.

---

MchoraRamani:

Kisanduku nakiweka. Swali la mwisho: maziwa ya mpakani niandike jina gani? Nakuta Thurmond na Clarks Hill, Walter F. George na Eufaula.

---

Bi_Kontua:

Andika yote mawili, jina rasmi linalotumiwa na wahandisi wa jeshi la Marekani (Thurmond, Walter F. George) juu, lile la mtaani chini kwa herufi ndogo za mlazo. Wavuvi wa Georgia wengi bado wanasema Clarks Hill, na watu wa Alabama wanasema Eufaula. Na mpaka wa Georgia na Alabama kuanzia West Point kwenda chini uweke ukingo wa magharibi wa mto, usipitishe katikati ya maji. Leya nyingi za bure huupitisha katikati.